Cheti Kikishatoka, Nani Anafuatilia?

(Hotuba kwa wakufunzi wa ufundi stadi, maafisa ustawi wa jamii, waajiri na wazazi, Dodoma)

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu, wakufunzi wenzangu, maafisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, waajiri mliokubali kuacha biashara zenu asubuhi nzima, wazazi na walezi: itifaki yote imezingatiwa. Nawasalimu. Nawashukuru wakalimani wa lugha ya alama waliosimama hapa mbele. Nitajitahidi kusema polepole, na nikianza kukimbia wanipungie mkono.

Nimeombwa nizungumzie mambo yanayomfanya mtu mwenye ulemavu aliyepitia mafunzo ya ufundi apate kazi, au aikose. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, kwanza nikifundisha, baadaye nikiwatafutia wahitimu nafasi. Nitasema mapema ninachokiamini, kisha nitakitetea. Fundi wetu hakwami darasani. Anakwama katika miezi ya kwanza baada ya kutoka getini, na miezi hiyo hakuna ofisi inayoihesabu kuwa yake.

Vyuo vyetu vya serikali vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu mnavijua: Yombo kule Dar es Salaam, Sabasaba Singida, Masiwani Tanga, Mirongo Mwanza, Luanzari Tabora, Mtapika Masasi. Viko pia vya mashirika ya dini, na wapo vijana wetu wanaosoma VETA, vyuo vya ufundi vya kawaida vya serikali, pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Mwaka ukiisha tunaandika taarifa: wamedahiliwa wangapi, wamehitimu wangapi, fani zipi. Taarifa inapendeza, ina majedwali, na ukurasa wa mbele kuna picha ya kiongozi akikabidhi cherehani. Sasa muulize aliyeiandika: wale wa mwaka juzi, wangapi leo wanakula kwa fani ile? Utaona anaanza kutafuta kalamu.

Simlaumu, maana hakuna aliyemwambia ahesabu hivyo. Lakini Mkataba Na. 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, ulikwishaeleza lengo la kazi yetu: kumwezesha mtu mwenye ulemavu kupata kazi inayomfaa, kudumu nayo na kupanda ndani yake. Kupata, kudumu, kupanda. Cheti hakimo. Cheti ni njia tu, na sisi tumeifanya njia kuwa kituo.

Wenzetu wa Marekani walianzisha mpango wa taifa wa kuwaandaa watu wenye ulemavu na kuwaingiza kazini mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Sheria ya mwaka 1973 ikaupa sura uliyo nayo. Kwa miaka mingi afisa wa mpango ule hakuruhusiwa kufunga faili la mteja kwa kuandika "ameajiriwa" mpaka awe amekaa kazini siku 90 angalau. Sheria mpya ya mwaka 2014 ikaenda mbele zaidi: wanaangalia kama mtu yuko kazini katika robo ya pili ya mwaka baada ya kutoka kwenye mpango, kisha wanaangalia tena robo ya nne. Msinielewe vibaya, sisemi tuige kila kitu. Wana fedha tusizo nazo na maafisa tusio nao, na bado yapo yanayowashinda. Ila lile swali lao la siku 90 halina gharama, tunaweza kuliazima leo hii.

Nianze na siku ya udahili, kwa sababu mengi huharibika pale. Nani anachagua fani? Kwenye fomu ni mwanafunzi. Kwa vitendo inachagua nafasi iliyobaki, au yanachagua mazoea yetu. Kiziwi apelekwe ushonaji kwa kuwa kelele za cherehani hazimsumbui. Mwenye ulemavu wa miguu apewe ufundi viatu kwa kuwa kazi ni ya kukaa. Msichana, awe na ulemavu wowote, apewe kufuma. Tunatazama kiungo kilichopungua, tunasahau kumtazama mtu mzima na soko atakalorudia.

Chukueni kijana wa kijiji cha kando ya Ziwa Rukwa. Anafundishwa useremala kwa msumeno wa umeme na randa ya umeme, anafaulu, anarudi nyumbani. Kijijini kwao mafundi wanatumia randa ya mkono, na viti vya plastiki vimeshafika gulioni. Wakati huohuo, pale ziwani kuna nyavu za kutengeneza kila wiki na injini za boti zinazoharibika kila msimu, na anayezijua ni mzee mmoja tu. Hakuna aliyemuuliza kijana yule: kwenu watu wanalipia kazi gani? Swali hilo lingechukua dakika kumi siku ya udahili, na lingeokoa muda wote aliokaa bwenini. Mzazi analijua jibu. Mtendaji wa kata analijua pia, ukimpigia simu.

Kulinganisha mtu na kazi kunahitaji ujuzi, huruma peke yake haitoshi. Mwenye kifafa ambacho dawa bado hazijakidhibiti usimsimamishe mbele ya msumeno wa duara. Lakini hiyo si sababu ya kumfungia karakana nzima, maana kupiga msasa, kupaka vanishi na kukadiria vipimo ni kazi za humohumo. Mtu mwenye ualbino usimpe kibarua cha kumwaga zege saa saba mchana. Mpe kazi ileile ya ujenzi upande wa kivuli, au umpangie zamu ya asubuhi, na kofia pana, na mafuta ya kujikinga na jua. Yapo ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, mahsusi kwa ajili yao. Tena mkumbuke macho. Wengi wao wana uoni hafifu, na fundi aliyeshindwa kusoma futi kamba huitwa mzembe kabla mtu hajafikiria kumtafutia yenye tarakimu kubwa.

Hapa nataka nikae kidogo kwa ndugu zetu viziwi, kwa sababu kwao tunakosea kwa namna ambayo haionekani. Wanakuja chuoni, baadhi yao hata lugha ya alama hawajaifahamu vizuri, kwa kuwa nyumbani walikua na ishara za kifamilia tu. Tunawafundisha kushona wakashona kuliko sisi. Kisha mteja anapiga simu. Biashara ya fundi siku hizi ni simu: "mama fulani, gauni la Jumamosi limefika wapi?" Kiziwi anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri anapokea oda kwa ujumbe, anatuma picha ya mshono, anakubaliana bei. Asiyejua kusoma anamtegemea mtu wa kati, na mtu wa kati anakata chake, siku nyingine anakata kikubwa. Kwa hiyo kusoma na kuandika kwa fundi kiziwi ni kitendea kazi sawa na mkasi. Mkiniuliza nipunguze nini kwenye ratiba ili kipatikane kipindi cha kusoma, nitapunguza nusu ya nadharia ya fani bila kusita. Najua wakufunzi wa ushonaji mlioko hapa hamtakubaliana nami, tutabishana wakati wa chai.

Sasa niguse utaratibu wenyewe wa mafunzo. Sisi sote tumelelewa katika imani moja: kwanza umwandae mtu mpaka awe tayari, ndipo umtafutie kazi. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, miaka ya 1990, wataalamu wa chuo cha Dartmouth waliokuwa wakihudumia watu wenye magonjwa makali ya akili waligeuza mpangilio huo. Walimtafutia mtu kazi ya kweli, yenye mshahara wa kawaida, mapema iwezekanavyo, kisha wakamsaidia akiwa humohumo kazini kwa muda wowote atakaohitaji. Wengi walidhani wagonjwa wataumia. Utafiti ukafanyika, ukarudiwa katika nchi nyingi kwa kulinganisha makundi mawili. Kwa ujumla waliopitia njia hii mpya zaidi ya nusu yao walipata kazi. Kwa waliopitia maandalizi ya kawaida ilikuwa karibu robo. Na hao ni watu ambao jamii, hapa na kule, imezoea kuwaambia wasubiri wapone kwanza.

Kwetu Tanzania jambo hili lisitushangaze hata kidogo. Mafundi wengi wa nchi hii walijifunzia wapi? Gereji, chini ya mwembe, kwa fundi mkubwa aliyeanza kwa kuwatuma spana. Uanagenzi tunao tangu enzi na enzi. VETA nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia mtaani anapimwa, mapengo yake yanazibwa, anapewa cheti. Maana yake mlango wa kuanzia kazini ukamalizia kwenye cheti upo wazi kisheria. Tunawapitisha humo mafundi magari na waashi wasio na ulemavu. Wenye ulemavu tunawaambia wapande basi la kwenda bwenini, wakae mbali na soko lao, warudi baadaye kuanza kujuana na watu upya. Bweni lina faida zake, na kwa binti ambaye nyumbani alifichwa ndani, bweni linaweza kuwa uhuru wa kwanza kuuonja. Hilo nalikubali kabisa. Ila miezi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, isiwe mapambo ya mwisho wa kozi. Ianze mapema, ifanyike karibu na kwao, kwa mtu ambaye kesho anaweza kumwajiri.

Ndugu waajiri, zamu yenu imefika.

Sheria ya mwaka 1982 iliwataka wenye wafanyakazi 50 na kuendelea watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ikashusha kiwango hicho mpaka wafanyakazi 20, ikapandisha asilimia kuwa 3. Mwajiri mmoja mwenye watu 20 aliwahi kunikokotolea kwa kalkuleta ya simu: asilimia 3 ya 20 ni sifuri nukta sita. Akaniuliza, "Mwalimu, huyo mtu wa nukta sita nitampata wapi?" Nilicheka, lakini alikuwa na hoja. Kwa hesabu ile mtu kamili hapatikani mpaka ufikishe wafanyakazi 34. Na tukiacha hesabu, Watanzania walio wengi wako shambani, sokoni na kwenye vibanda vya watu wawili watatu, ambako asilimia 3 haifiki. Sheria ni muhimu, naitaka isimamiwe, na ukaguzi uwepo. Ila mpango wa ajira unaotegemea sheria hiyo peke yake umewaacha nje wengi kabla haujaanza.

Tena kuna woga ambao sheria haiufikii. Watafiti wa Marekani waliwahi kutuma maombi ya kazi ya uhasibu zaidi ya 6,000 kwa majina ya kubuni, sifa zikiwa zilezile. Baadhi ya barua zilitaja ulemavu, na ulemavu wenyewe ulichaguliwa makusudi uwe wa aina isiyozuia mtu kufanya uhasibu. Barua zilizotaja ulemavu zilipata majibu ya kutia moyo pungufu kwa asilimia 26. Hesabu zile zile, elimu ile ile. Kwa hiyo tusiwaambie vijana wetu kwamba wakisoma kwa bidii milango itajifungua yenyewe. Haijifungui. Lazima awepo mtu wa kumfuata mwajiri na kuzungumza naye uso kwa uso.

Mkikaa na mwajiri kwa utulivu, akishamaliza maneno ya heshima, atawaambia anachoogopa. Gharama, kwanza. Anawaza lifti na ujenzi. Kituo kimoja cha Marekani kinachowashauri waajiri kimekuwa kikiwauliza kwa miaka mingi marekebisho waliyoyafanya yaligharimu kiasi gani, na takriban nusu wanajibu kwamba hawakulipa chochote. Hata kwetu ndivyo nilivyoona: kushusha meza, kubadilisha zamu, kumweka kiziwi mahali anapomwona msimamizi, kumwachia mwenye kiti mwendo ufunguo wa choo kipana. Ngazi mbili za mlangoni unazimaliza kwa kujenga mteremko wa saruji.

Woga wa pili hawausemi mpaka uwabane: "nikimwajiri sitaweza kumwachisha." Hapa nisikilizeni vizuri, maana nanyi wazazi linawahusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake. Haimkingi anayechelewa kila siku bila sababu wala anayeharibu mali kwa uzembe. Fundi mwenye ulemavu anastahili kukaripiwa kama wenzake na kuongezwa mshahara kama wenzake. Waajiri wanaoogopa kumkaripia ndio hao hao wanaoishia kumpa kazi ya kukaa getini bila majukumu, kisha baada ya muda wanasema hana faida.

Lipo kundi ambalo kwao mwajiri ana nafasi nzuri kuliko chuo chochote, nao ni walioumia kazini. Mtu anajua kiwanda, anajulikana, amekatika vidole vitatu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una fao la utengamao, yaani msaada wa kumrudisha mtu katika uwezo wa kufanya kazi, pamoja na matibabu na fidia ya fedha. Kumrudisha huyu kwenye kazi nyingine ndani ya kiwanda kilekile ni rahisi mara nyingi kuliko kumwanzishia maisha mapya. Kinachohitajika ni mtu wa kuanza mazungumzo akiwa bado hospitali, kabla nafasi yake haijajazwa na kabla yeye mwenyewe hajakata tamaa.

Kuhusu kujiajiri nitasema kidogo tu. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, imo kwenye sheria tangu 2018, na asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ni fedha nzuri. Lakini mkopo na cherehani ni mwanzo wa duka, na duka linataka mtu anayejua kukataa kukopesha shangazi.

Nirudi kwenye ile miezi ya kwanza, maana huko ndiko nilikotaka tukae. Mambo yanayomtoa kijana kazini ni madogo kiasi kwamba ukiyaandika kwenye taarifa unaona haya. Wiki ya kwanza choo hakipitiki, naye anaacha kunywa maji kutwa. Wiki ya tatu msimamizi anampigia kiziwi kelele mbele ya watu, akidhani anajifanya hasikii. Konda wa daladala anamwacha mwenye kiti mwendo kituoni, anapanda bajaji, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa ya mshahara wa kuanzia. Mwezi wa pili anapiga hesabu, anaona kukaa nyumbani kuna nafuu. Pedali ya cherehani inagoma, fundi wa pedali yuko mjini. Mama anaugua, cherehani inauzwa. Mama mwingine, kwa mapenzi tu, anasema "mwanangu anateseka, bora arudi," na kijana anarudi.

Kila moja ya hayo lina dawa, na dawa nyingi ni mazungumzo ya nusu saa kati ya watu watatu: kijana, mwajiri na mtu wanayemwamini wote wawili. Huyo wa tatu ndiye tunayemkosa. Chuo kinasema kimemaliza kazi. Halmashauri inasema haikupewa majina. Mwajiri hana namba ya kumpigia, na akiona aibu kumwachisha anamwacha apotee taratibu.

Ninachopendekeza kinabebeka. Kila chuo kimtaje mkufunzi mmoja wa ufuatiliaji, apunguziwe vipindi, apewe vocha ya simu na mafuta ya pikipiki. Siku ya mahafali, majina ya wahitimu wa kila wilaya yawe mezani kwa afisa ustawi wa wilaya hiyo, pamoja na namba ya simu ya mhitimu na ya mtu wa nyumbani kwao. Simu ya kwanza ipigwe wiki ya kwanza, siyo mwezi wa kwanza. Kisha siku ya 90, kisha nusu mwaka, kisha mwaka. Na taarifa ya mwaka ya chuo ianze na namba ya walioko kazini, idadi ya vyeti ifuate chini yake. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea nchini wana ulemavu wa aina fulani. Kwa kundi kubwa namna hiyo, mshahara wa mkufunzi mmoja na vocha si anasa. Kumlisha na kumlaza mwanafunzi bwenini mpaka ahitimu, kisha kumpoteza kwa kukosa simu moja, hiyo ndiyo hasara ambayo mkaguzi wa hesabu hajaiona.

Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja ya ufuatiliaji. Ina jina, fani, mahali alipo, anachopata kwa mwezi, na kilichomkwaza wiki hii. Nakala ziko kwa katibu wa mkutano pale mlangoni, na iko ya maandishi makubwa. Waajiri, upande wa nyuma kuna nafasi ya namba zenu; naomba mziandike kabla hatujaenda kwenye chai, na wakufunzi wa ushonaji mje meza yangu na hoja zenu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.